Zimwi Likujualo: Ishara na Saikolojia katika Kitabu cha Picha cha Maurice Sendak

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi huzoeshwa mapema kuyasoma maneno. Huulizwa jazanda ni ipi, kinaya kiko wapi na mhusika amesawiriwa vipi, naye majibu yote huyatafuta katika sentensi. Kitabu cha watoto chenye picha kinapomfikia mikononi, aghalabu hukitendea vivyo hivyo: maneno huyachambua, picha akazipita kama mapambo ya ukutani. Mtoto asiyejua kusoma hufanya kinyume. Yeye huikodolea macho picha huku mtu mzima akimsomea, na mara nyingi huona jambo ambalo msomaji wake hakuliona.

Makala haya yananuia kueleza jinsi picha inavyobeba maana katika kitabu cha watoto, na jinsi maana hiyo inavyoigusa nafsi ya mtoto. Kitabu kitakachotumiwa kuwa mfano ni Where the Wild Things Are cha Mmarekani Maurice Sendak, jina linaloweza kufasiriwa kuwa "Mahali Yaliko Madude ya Mwituni". Hoja ya msingi ni kwamba ishara katika kitabu cha picha haimo tu katika vitu vilivyochorwa, kama vile dude, mwezi au mashua. Imo pia katika nafasi ambayo picha imepewa ukurasani: mahali inapoanzia, inavyopanuka na inapokoma. Asiyeitazama nafasi hiyo anaweza kukihukumu kitabu kwa kosa ambalo hakikulitenda. Kitabu hiki chenyewe kilipatwa na hukumu ya aina hiyo mwaka wa 1969.

Mtunzi na Kisa Chake

Maurice Sendak alizaliwa Brooklyn, katika jiji la New York, mwaka wa 1928. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliohamia Marekani kutoka Poland. Utotoni aliugua mara kwa mara, akawa mtoto wa kukaa kitandani na kuutazama ulimwengu kupitia dirishani. Jamaa zake wengi waliobaki Ulaya waliuawa katika mauaji ya halaiki ya Wayahudi wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, na majonzi ya wazazi wake yakawa sehemu ya malezi yake. Alifariki mwaka wa 2012.

Kitabu chake kilichapishwa mwaka wa 1963 na shirika la Harper & Row, chini ya mhariri Ursula Nordstrom. Mwaka uliofuata kilimpatia Nishani ya Caldecott, ambayo hutolewa kila mwaka nchini Marekani kwa mchoraji wa kitabu bora cha picha cha watoto. Maneno yake hayafiki 400. Mvulana aitwaye Max amevaa vazi la mbwamwitu na anafanya utundu nyumbani. Mama yake anamkemea. Max anamjibu kwamba atamla, naye anapelekwa kulala bila chakula cha jioni. Chumbani mwake msitu unaota, bahari inatokea, na Max anapanda mashua hadi nchi ya madude yenye makucha na meno makali. Anayatiisha kwa kuyakazia macho bila kupepesa, anatawazwa kuwa mfalme wao, na wote wanafanya karamu ya kelele. Baadaye anashikwa na upweke, anarudi nyumbani, na chumbani anakuta chakula chake kikimngoja.

Inasimuliwa kwamba Sendak alikusudia kuandika kuhusu farasi wa mwituni, akatambua kwamba hana ustadi wa kuwachora farasi, ndipo farasi wakageuka madude. Kuhusu sura za madude hayo, Sendak mwenyewe alieleza kwamba alizitoa kwa shangazi na wajomba zake waliokuwa wakija kuwatembelea: watu wazima wenye meno mabovu na macho mekundu, waliomfinya mashavu na kusema kwamba ni mtamu wa kuliwa. Waswahili husema kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Methali hiyo inawaafiki wageni hao barabara. Kwa mtoto, jamaa anaweza kuwa mtu wa kupendwa na wa kuogopwa kwa wakati mmoja, na dude la Sendak limebeba mambo hayo mawili katika mwili mmoja: makucha yake ni makali, lakini mwili ni wa mviringo na uso una tabasamu. Mojawapo, lile linaloonekana likiwa limesinzia kwenye jalada, lina kichwa cha fahali na nyayo za binadamu.

Nafasi ya Picha Ukurasani

Anayekifungua kitabu hiki kwa mara ya kwanza huenda asishtukie ukubwa wa picha. Picha ya kwanza ni ndogo, imewekwa katikati ya ukurasa wa kulia na kuzungukwa na pambizo pana jeupe, huku maneno yakiwa peke yake kwenye ukurasa wa kushoto. Max yumo ndani ya kisanduku hicho, anapigilia msumari ukutani. Kadiri hasira yake inavyopanda, ndivyo picha inavyotanuka na pambizo kupungua. Msitu unapoota chumbani, picha inaendelea kuumega weupe wa ukurasa hadi kuta za chumba zinapotoweka, na hapo ukurasa wote wa kulia unakuwa msitu.

Mashua inapong'oa nanga, picha inavuka mshono wa katikati ya kitabu na kuingia katika ukurasa wa maneno. Max anapofika kwenye nchi ya madude, picha imetawala kurasa zote mbili, na maneno yamesukumwa chini kama maelezo mafupi tu. Halafu inafika karamu yenyewe. Kwa kurasa sita, yaani jozi tatu za kurasa zinazotazamana, hakuna neno hata moja. Wahenga walisema kwamba kimya kina mshindo mkuu, na hapa kelele kubwa kuliko zote kitabuni zinasikika mahali pasipo na neno. Mtu mzima anayesoma kwa sauti hulazimika kunyamaza. Mtoto ndiye anayeshika hatamu za hadithi. Ndiye anayeamua ni kelele gani zinapigwa na ukurasa ufunuliwe lini.

Baada ya hapo mwendo unageuka. Maneno yanarejea, mashua inasafiri kuelekea nyumbani, na picha inaanza kurudi upande wake wa kulia. Hata hivyo, hairudi ilikoanzia. Katika picha ya mwisho Max yumo chumbani mwake tena, lakini chumba hicho sasa kimeujaza ukurasa wote wa kulia. Pambizo lililombana mwanzoni halipo. Maneno hayasemi popote kwamba mtoto huyu amekua au kwamba amejifunza jambo. Ukurasa ndio unaosema. Hasira iliyokuwa imebanwa katika kisanduku imepewa nafasi ya kufika mwisho wake, na mtoto aliyerudi ana nafasi pana kuliko yule aliyeondoka.

Ishara Zilizofichwa Machoni pa Wote

Mbali na nafasi, vitu vilivyochorwa navyo vina kazi yake. Katika picha ya kwanza, mwanasesere wa Max amening'inizwa, ishara ya mapema kwamba mtoto huyu anakusudia kumtesa mtu fulani na hajui ni nani. Katika picha ya pili, Max anapomfukuza mbwa kwa uma, pana mchoro ukutani wenye sura ya dude, nao umetiwa sahihi ya Max. Maneno hayautaji mchoro huo. Mtoto anayeuona huelewa jambo ambalo maneno yamelinyamazia: madude hayakutoka ng'ambo ya bahari. Max aliyachora kabla ya kuyatembelea. Vivyo hivyo, mashua inayomchukua ina jina lake ubavuni. Safari ni yake, na chombo ni chake.

Vazi la mbwamwitu nalo ni ishara ya unyama aliojivika mtoto mwenyewe. Katika picha ya mwisho Max amelisukuma kofia lake nyuma ya kichwa, na nywele za mtoto wa watu zinaonekana. Hajalivua vazi lote. Hasira haijafutika, imelegezwa tu, na ni ya mwenyewe kuivaa au kuivua. Ifahamike kwamba ishara hii inategemea utamaduni. Mtoto wa Ulaya humjua mbwamwitu kutokana na hadithi za kwao. Mtoto aliyelelewa na hadithi za Afrika Mashariki angemkuta fisi mahali hapo, na fisi huja na ulafi na upumbavu ambao mbwamwitu hana. Kwa hiyo mfasiri wa kitabu cha picha hubaki na tatizo ambalo kamusi haiwezi kulitatua, kwani mnyama aliyechorwa hafasiriki.

Mwezi ni mfano mwingine. Max anapofungiwa chumbani, mwezi unaoonekana dirishani ni mwembamba. Anaporudi, ni mwezi mpevu. Kwa msomaji wa pwani aliyezoea kuutafuta mwezi mwandamo ili kujua kama mfungo umeingia au umekwisha, mwezi mwembamba ni mwanzo wa hesabu, na mwezi mpevu unamwambia kwamba takriban nusu ya mwezi imepita. Maneno nayo yanadai kwamba safari ilichukua muda mrefu sana. Lakini chakula bado kina moto. Kitabu kinashikilia saa mbili kwa pamoja: saa ya nyumbani, ambayo haikutosha kupoza chakula, na saa ya moyoni, ambayo hupimwa kwa mwezi.

Ishara iliyo nzito kuliko zote ni ya mtu asiyeonekana. Mama ametajwa katika maneno, lakini hakuchorwa hata mara moja. Laiti angechorwa akiwa na uso wa hasira, kila msomaji angebaki na mama huyo mmoja. Kwa kuwa hakuchorwa, kila mtoto humweka mama yake mwenyewe.

Nafsi ya Mtoto

Sigmund Freud, katika kitabu chake kuhusu tafsiri ya ndoto kilichotolewa na tarehe ya mwaka wa 1900, alieleza kwamba ndoto hufanya kazi kwa njia mbili kuu. Kwanza, mambo mengi hukusanywa katika taswira moja. Pili, hisia huhamishwa kutoka kwa mlengwa wake halisi, ambaye ni hatari kumlenga, hadi kwa mwingine. Njia zote mbili zimo katika safari ya Max. Dude ni mkusanyiko wa jamaa, mnyama na mtoto mwenyewe. Uhamisho nao ni bayana zaidi: Max alitisha kwamba atamla mama yake, madude yanapomwona akiondoka, yanamwambia kwamba yatamla kwa jinsi yanavyompenda. Kauli iliyomtoka mtoto inamrudia, na mara hii imefungamanishwa na upendo.

Kuna tendo jingine ambalo msomaji wa haraka hulipita. Max akiwa mfalme, anayaamuru madude yakome, kisha anayapeleka kulala bila chakula. Anayatendea vile vile alivyotendewa. Watoto hufanya hivyo kila siku wanapocheza mchezo wa nyumba: aliyechapwa huwa mama, akamchapa mwanasesere. Kwa kuushika upande wa mwenye mamlaka, mtoto hulipitia upya jambo lililomuumiza, safari hii akiwa yeye ndiye anayeamua. Ni baada ya tendo hilo ndipo Max anapohisi upweke na kutaka kuwa mahali anapopendwa. Mwenye kuadhibu amegundua kwamba enzi haishibishi.

Daktari wa watoto wa Uingereza, D. W. Winnicott, aliandika katika makala yake mashuhuri ya mwaka wa 1953 kuhusu eneo lililo kati ya ulimwengu wa ndani wa mtoto na ulimwengu wa nje. Katika eneo hilo mtoto hucheza, na haulizwi kama anachokicheza ni kweli au ni uongo. Chumba cha Max ni eneo la aina hiyo. Adhabu ilikusudia kukifanya kifungo. Mtoto akakigeuza uwanja.

Tahadhari moja inafaa kutolewa kwa mwanafunzi wa nadharia. Ishara si msamiati wenye maana moja moja, kwamba bahari ni mama, mashua ni tumbo la uzazi, meno ni ghadhabu. Uhakiki wa aina hiyo hukifanya kila kitabu kuwa kitabu kimoja. Bahari ya Sendak inapata maana kwa sababu inavuka mshono wa ukurasa kwa wakati maalumu. Ikiondolewa hapo, inabaki maji yaliyochorwa.

Hukumu ya Mwaka wa 1969

Bruno Bettelheim, mwanasaikolojia mzaliwa wa Vienna aliyekuwa na sifa kubwa nchini Marekani wakati huo, alikuwa na safu katika jarida la Ladies' Home Journal. Katika toleo la Machi 1969 alikikosoa kitabu cha Sendak. Kwa maoni yake, mtunzi hakuielewa hofu kuu ya mtoto, ambayo ni kuachwa. Na kumpeleka mtoto kulala bila chakula, tena kwa amri ya mama ambaye ndiye mlishaji wake wa kwanza, ni kumzidishia hofu hiyo. Alikiri kwamba hakuwa amekisoma kitabu. Alitegemea jinsi akina mama walivyokieleza.

Hoja ya Bettelheim kuhusu chakula haikuwa ya kipuuzi. Chakula na upendo ni kitu kimoja kwa mtoto mdogo. Tatizo ni kwamba alihukumu muhtasari wa maneno. Muhtasari husema kwamba mtoto alinyimwa chakula. Hausemi kwamba pambizo lilitoweka, kwamba dude lilichorwa na mtoto mwenyewe, wala kwamba katika picha ya mwisho bakuli limo chumbani kabla ya neno lolote la msamaha kusemwa. Chakula hicho ndicho jibu la hofu ya kuachwa, na jibu hilo limekuja kwa picha. Baada yake kuna ukurasa mmoja usio na mchoro, wenye maneno machache tu ya kuthibitisha kwamba chakula hakikupoa. Picha ilipokuwa imetawala, maneno yalinyamaza. Sasa picha inanyamaza, na maneno yanatia muhuri.

Kinaya ni kwamba mwaka wa 1976 Bettelheim alitoa kitabu kilichopata umaarufu mkubwa, The Uses of Enchantment, akizitetea hadithi za kale zenye wachawi na majitu. Alishikilia kwamba mtoto huhitaji majitu hayo ili hofu isiyo na sura ipate sura. Katika kitabu hicho hicho aliyatilia shaka matumizi ya picha, akisema kwamba humnyang'anya mtoto uhuru wa kujichorea akilini. Baada ya kifo chake mwaka wa 1990 sifa zake zilitiliwa shaka na wengi, lakini swali lake kuhusu picha linastahili jibu.

Fanani na Mchoraji

Jibu hilo linaweza kupatikana katika fasihi simulizi. Katika hadithi moja isimuliwayo pwani, msichana anarudi ufukweni kuchukua kombe lake alilolisahau, zimwi linamkamata, linamtia ndani ya ngoma na kumlazimisha aimbe kila linapoipiga. Hadithi hiyo inatisha. Hata hivyo, watoto wameisikiliza kizazi baada ya kizazi, kisha wakaenda kulala. Sababu mojawapo ni kwamba hofu imewekewa mipaka. Fanani hufungua kwa "Paukwa!", hadhira ikajibu "Pakawa!", na kila mmoja hujua kwamba mlango wa ulimwengu mwingine umefunguliwa. Mwishoni fanani husema kwamba hadithi imeishia hapo, na mlango hufungwa. Pambizo jeupe la Sendak hufanya kazi iyo hiyo: humwonyesha mtoto hofu inapoanzia na inapokomea.

Isitoshe, hadhira ya fanani haikuwahi kusikia maneno matupu. Fanani hulitoa zimwi kwa sauti nzito, kwa macho aliyoyatumbua na kwa mikono aliyoitanua. Wimbo wa ngomani unapofika, masimulizi husimama na hadhira huimba. Wimbo huo hausongezi kisa mbele. Humpa kila mtoto nafasi ya kuishiriki hofu kwa kinywa chake mwenyewe. Kurasa sita za Sendak zisizo na maneno ni ndugu wa wimbo huo. Kwa hiyo, hadithi inapohamia kitabuni na uso wa fanani kutoweka, mchoraji ndiye mrithi wake. Picha mbaya humnyang'anya mtoto uhuru, kama alivyohofia Bettelheim, na fanani mbaya hufanya vivyo hivyo. Picha njema huacha pengo, kama vile mama asiyechorwa.

Warithi hao hawafanani, kwa kuwa jamii hazifanani. Mtanzania John Kilaka, anayechora kwa mtindo wa Tingatinga ulioasisiwa na Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam mwaka wa 1968, amewachora wanyama waliovaa nguo kama watu. Katika kitabu chake kilichotolewa kwa Kiingereza kwa jina la Fresh Fish mwaka wa 2005, Mbwa mlafi anaiba samaki wa Sokwe, na wanyama wenzake wanamhukumu. Tamaa yake inakabiliwa barazani, mbele ya wote. Hasira ya Max inakabiliwa chumbani, na mtu mmoja, usiku mmoja. Kulinganisha vitabu hivyo ni kulinganisha njia mbili za kumrudisha mkosaji miongoni mwa wapenzi wake.

Hitimisho

Imebainika kwamba katika kitabu cha picha ishara haikai katika kitu kilichochorwa pekee, bali pia katika ukubwa wake, mahali pake na kile kilichoachwa bila kuchorwa. Imebainika pia kwamba mtaalamu mwenye elimu pana aliweza kupotoka kwa kutegemea maneno ya kitabu ambacho nusu yake haisemwi kwa maneno. Mhakiki wa fasihi ya watoto katika Kiswahili yumo katika hatari iyo hiyo kila anapochambua kitabu bila kumtaja mchoraji. Mchapishaji naye yumo humo anapomkabidhi mchoraji maneno yaliyokwisha kukamilika na kumwomba ajaze nafasi zilizobaki.

Mwalimu au mzazi anaweza kuanza kwa maswali mepesi. Picha hii ni kubwa au ndogo kuliko iliyotangulia? Ni nani ametajwa na hakuchorwa? Ni kitu gani kimechorwa na hakikutajwa? Baada ya kuuliza, afadhali anyamaze na kumsikiliza mtoto. Huenda mtoto ndiye atakayemwonyesha dude lililotundikwa ukutani tangu mwanzo.